Jinsi ya kupika chakula chenye nguvu kwa mtoto mdogo ambaye tumbo lake hujaa upesi

Siku za kupima watoto hapa Busia, upande wa Uganda, akina mama huja na malalamiko ya aina mbili. Mmoja atasema, "Musawo (mhudumu wa afya), huyu anamaliza kikombe cha uji asubuhi, mchana na jioni, lakini mzani hausogei." Mwingine atasema, "Huyu wangu nikimwekea odii (karanga na simsim, yaani ufuta, zilizosagwa) au parachichi anakula vijiko vichache tu, anafunga mdomo. Sijui ana nini." Mara nyingi huyu wa pili hana shida yoyote, ameshiba kwa haki. Wa kuangaliwa ni yule anayemaliza vikombe.

Tofauti yao iko ndani ya kijiko. Kuna chakula ambacho kijiko kimoja kimebeba nguvu nyingi, na kuna chakula ambacho kijiko hichohicho kimebeba maji zaidi ya kitu kingine chochote. Mtu mzima akila chepesi ataongeza sahani. Mtoto wa miezi 8 hana pa kuiweka hiyo sahani ya pili.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2. Karibu na mwisho nimeweka maneno machache kuhusu wale wa miaka 3 hadi 5, kwa sababu shida yao mjini imegeuka upande wa pili.

Kabla hujawasha jiko

Kama mtoto amevimba miguu yote miwili, au utepe wa kupima unene wa mkono umeonyesha rangi nyekundu (chini ya milimita 115), au amelegea na hataki chakula kabisa, usianze na mwongozo huu. Mpeleke kituo cha afya leo. Mwili uliodhoofika sana hauwezi kupokea chakula kizito ghafla. Ndiyo maana hospitali humwanzishia mtoto aliyelazwa kwa hali hiyo maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye kalori 75 tu kwa kila mililita 100, na akishatulia ndipo humpandisha hadi F-100 yenye kalori 100, au humpa ile pakiti ya karanga ya gramu 92 yenye kalori 500. Ngazi hizo hupandwa chini ya macho ya wahudumu, hazijaribiwi nyumbani.

Kama mtoto ni mzima, anacheza, ila haongezeki au anaongezeka polepole, endelea kusoma.

Tumbo linabeba kiasi gani?

Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba tumbo la mtoto mdogo hubeba gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, akijaa hadi kukataa amekula gramu 240 hivi, sawa na kikombe kimoja cha kawaida. Hapo ndipo mwisho wake.

Sasa tazama anachohitaji. Mtoto anayenyonya vizuri huhitaji kupata kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama, karibu kalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kalori 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na kalori 550 akiwa na mwaka 1 hadi kutimiza 2. Ninaposema kalori nina maana ya zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti za vyakula.

Chukua uji ambao nyumba nyingi hupika: mwepesi, wa kunywa kwa kikombe, unga gramu 15 hivi kwa kila kikombe cha maji. Unga wa mahindi una kalori kama 360 kwa gramu 100, kwa hiyo kikombe hicho kina kalori 50 na kitu. Mtoto wa miezi 10 anayehitaji kalori 300 angepaswa kunywa vikombe karibu sita kwa siku, na kila kikombe kinamjaza tumbo pomoni. Hawezi. Na hata akijitahidi, atakosa nafasi ya kunyonya, na maziwa ya mama yana nguvu kuliko uji huo karibu mara tatu. Kwa hiyo uji mwepesi humpunja mtoto mara mbili: haumpi nguvu, na tena unamzuia asiifuate titini.

Ndiyo maana wataalamu wanataka chakula cha mtoto kiwe na angalau kalori 0.8 kwa kila gramu, kama analishwa mara za kawaida. Uji mwepesi una kalori 0.2. Matoke yaliyopondwa bila kuongezwa maji yanapita kalori 1 kwa gramu, parachichi lina 1.6, na karanga zilizosagwa zinakaribia 6.

Mtoto mwenyewe anajua kuhesabu, hadi mahali fulani

Jambo hili hunifurahisha kila ninapolieleza. Watoto huzaliwa na kipimo chao cha shibe. Samuel Fomon, daktari wa watoto wa Iowa, Marekani, aliwapa watoto wachanga maziwa mepesi na wengine maziwa mazito, akaona kwamba baada ya wiki za mwanzo walianza kujirekebisha: wa maziwa mepesi walikunywa mengi zaidi, wa maziwa mazito walikunywa machache. Mwaka 1991 Leann Birch na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 15 wa miaka 2 hadi 5. Mlo mmoja walikula sana, uliofuata wakagusa tu, lakini ukijumlisha nguvu za siku nzima, kila mtoto alirudi karibu na kiasi chake kilekile.

Lakini kipimo hicho kina ukomo, na ukomo ni tumbo. Kenneth Brown na wenzake huko Lima, Peru, waliwapima watoto waliokuwa wakipona utapiamlo kwa vyakula vyenye nguvu mbalimbali katika kila gramu, kuanzia kalori 0.4 kwa gramu hadi 1.5, na kwa milo 3, 4 au 5 kwa siku. Waliopewa chakula chepesi walijitahidi kula gramu nyingi zaidi, ila kwa siku nzima bado walipata nguvu kidogo kuliko wenzao. Kuongeza nguvu iliyomo katika kila gramu ya chakula kulisaidia. Kuongeza idadi ya milo pia kulisaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na ndiyo mambo mawili tunayokwenda kuyafanya jikoni.

Hatua ya 1: Pima uji unaoupika sasa

Usibadilishe kitu siku ya kwanza. Pika kama kawaida yako, ila hesabu vijiko. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa juu kina unga wa gramu 8 hadi 10. Umeweka vingapi kwa kila kikombe cha maji? Kisha chota uji ulioiva, uinamishe mwiko polepole. Uji ukitiririka kama chai ya maziwa, mtoto wako anakunywa maji. Uji wa mtoto unatakiwa ung'ang'anie kwenye kijiko, na ukiinamisha udondoke kwa kipande, si kwa mstari.

Ukiwa na shaka tumia bakuli. Uji mzuri ukitiwa bakulini na kuchorwa mstari kwa kijiko, mstari unabaki kidogo kabla ya kujifunika.

Hatua ya 2: Pika uji mzito, kisha uutie mafuta

Kwa kikombe kimoja cha maji, cha mililita 250, weka vijiko 4 hadi 5 vya unga, yaani gramu 40 hivi. Koroga unga na sehemu ya maji baridi kwanza ili usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, punguza moto, koroga hadi uive. Unga wa ulezi, wa mahindi, wa mtama, wa muhogo uliochanganywa na ulezi kama tunavyozoea huku mashariki, wote unafaa. Muhogo mtupu ndio wa kuepuka, maana una wanga bila protini ya kutosha.

Hapo umefika kalori 145 hivi kwa kikombe. Ni afadhali, ila bado hujafika. Ukiendelea kuongeza unga utapata posho (ugali), na mtoto asiye na meno hataiweza. Unachohitaji sasa ni kitu chenye nguvu nyingi katika nafasi ndogo, na hicho ni mafuta: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4.

Epua, kisha tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, au odii ya karanga na simsim. Kijiko hicho ni gramu 15, karibu kalori 90. Koroga hadi kiyeyuke kabisa, rangi ya uji ibadilike. Sasa kikombe kina kalori 235 hivi, na umefika karibu na ile 0.8 kwa gramu.

Rudi sasa kwa yule mtoto wa miezi 10. Nusu kikombe cha uji huu mara tatu kwa siku kinampa zaidi ya kalori 300. Nusu kikombe! Nusu kikombe cha uji wa zamani mara tatu kingempa kama 80. Ni mtoto yuleyule mwenye tumbo lilelile.

Kama hakuna karanga, kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia kinaongeza kalori 40. Tia kimoja kwa bakuli, usizidishe. Mafuta matupu yana nguvu lakini hayana protini, chuma wala zinki, na mtoto anayeshibishwa na mafuta ataacha nafasi ndogo kwa vitu hivyo. Karanga na simsim zimetangulia mafuta kwa sababu zinakuja na protini zake. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, nusu kikombe mahali pa nusu kikombe cha maji, yanaongeza kalori 80 hivi, mradi yawe maziwa na si maziwa yaliyobatizwa maji njiani.

Mambo mawili kuhusu karanga. Kwanza, usimpe mtoto karanga nzima wala vipande, zinampalia. Ni zilizosagwa tu, na siku ya kwanza mpe kidogo sana uangalie kama atavimba mdomo au kutoka vipele. Pili, chagua mwenyewe karanga kabla hazijapelekwa mashine. Zilizosinyaa, zilizooza, zenye ukungu au ladha chungu zitupe, usiseme zitasagika humo. Ukungu wa karanga huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Odii ya bei ya chini sokoni mara nyingine husagwa kutokana na karanga zilizokataliwa, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemwamini au sagisha zako.

Hatua ya 3: Kimea, kwa mtoto anayekataa uji mzito

Wapo watoto, hasa wa miezi 6 na 7, ambao uji mzito unawashinda. Wanausukuma nje kwa ulimi. Mama anaona ajabu, anaongeza maji, na tumerudi pale pale.

Kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipushwa, kinalimaliza hili. Watu wa Teso wanaochipusha ulezi kwa ajili ya ajon (pombe ya ulezi), na watu wa Kigezi na Ankole wanaotengeneza bushera (kinywaji cha nafaka), wamekuwa wakiitumia elimu hii miaka mingi. Nafaka ikichipuka hutengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Uji mzito ni mzito kwa sababu chembe za wanga zimevimba na kushika maji. Ukitia unga wa kimea kidogo, chembe zinaachia, uji unalegea, lakini unga uliopikia bado wote umo ndani. Mtoto anameza kitu chepesi mdomoni chenye nguvu ya kitu kizito.

Tengeneza hivi. Chagua ulezi, uoshe, uloweke usiku mmoja kwenye maji safi. Asubuhi uchuje, utandaze, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, unyunyize maji kila unapokauka. Baada ya siku mbili hivi utaona vichipukizi vyeupe. Anika juani hadi ukauke kabisa kabisa, fikicha vichipukizi vitoke, pepeta, saga. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu inayotoa sayanidi. Na kimea kinachouzwa kwa wapika pombe usikinunue kwa ajili ya mtoto, maana hujui kilianikwa wapi wala kama kilishika ukungu.

Kukitumia ni rahisi. Pika uji mzito, mzito hata kuliko ule wa hatua ya 2. Epua, acha upoe hadi uwe wa moto wa kuvumilika, si wa kuunguza, kwa sababu moto mkali huua vile vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila bakuli, koroga. Subiri dakika chache. Utauona ukilegea mbele ya macho yako, mwiko uliokuwa mzito mkononi unaanza kuzunguka wenyewe. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena kidogo, kwa sababu kimea ni unga mbichi na kinaweza kuwa na vijidudu. Ndipo utie karanga, upooze, umpe.

Hatua ya 4: Vyakula vya sahani, toa maji

Matoke, viazi vitamu na posho vina nguvu ya kutosha vyenyewe. Tunaviharibu sisi. Tunaponda matoke kwa maji yaliyopikia, tunaloweka posho kwenye mchuzi wa maharagwe, na mtoto anakula mchuzi. Bibi wengi wanaamini nguvu ya maharagwe na ya nyama imeingia kwenye mchuzi, na mara ngapi nimeona mtoto akipewa supu huku vipande vikienda kwa wakubwa! Jajja, tafadhali, kwa heshima zote: mpe mjukuu maharagwe yenyewe. Yaponde, yapitishe kwenye chujio kama maganda yanamsumbua, lakini yale. Nyama uipigepige kwenye kinu. Mukene (dagaa) uukaange kidogo bila mafuta, utoe mchanga, uutwange uwe unga, na kijiko kimoja kiingie kwenye chakula chake kila siku. Kalori za kijiko hicho si nyingi, ila protini, chuma na zinki yake mtoto hazipati kwenye matoke.

Mahali pa maji ya kupondea, tumia mchuzi mzito wa karanga, maziwa, au parachichi. Vijiko viwili vya parachichi lililopondwa vina kalori karibu 50, na nyumba nyingi zina mti wake uani, matunda yanaanguka yanaliwa na mbuzi.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinastahili neno lao. Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, ni mmoja wa walioshinda Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuvizalisha na kuvieneza, kwa sababu vina vitamini A nyingi. Ni laini, watoto wanavipenda. Ila vina majimaji kuliko viazi vyeupe, kwa hiyo vitie kijiko cha karanga au mafuta kidogo. Unapata faida mbili, maana vitamini A huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa na mafuta.

Na kama unataka mlo mmoja uliokamilika, pika kitobero, kile kinachofundishwa kwa mama wanaokwenda kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala. Matoke au viazi vilivyokatwa vidogo, maharagwe yaliyolowekwa usiku na kutolewa maganda au karanga zilizosagwa, mukene wa unga au yai au nyama iliyosagwa, dodo au nakati (mboga za majani) iliyokatwa vizuri. Changanya, funga kwenye jani la mgomba, weka juu ya vijiti kwenye sufuria, pika kwa mvuke hadi kila kitu kiwe laini, kisha ponda humohumo. Ukitumia maharagwe, mvuke uende muda mrefu, au yachemshe kwanza. Uzuri wa jani ni huu: hakuna maji yanayoingia. Unachofungua ndicho ulichofunga.

Hatua ya 5: Milo mingapi, na titi liko wapi

Miezi 6 hadi 8, milo 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia vijiko 2 au 3 na kupanda hadi nusu kikombe. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 hadi 4. Kuanzia mwaka 1, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima mara 3 hadi 4. Katikati anaweza kupata kitu cha kutafuna mara 1 au 2: ndizi mbivu, kipande cha kiazi, parachichi.

Chakula kizito kinaweza kupunguza hamu ya kunyonya, kwa hiyo mnyonyeshe anapotaka, usiku pia, na usimnyime titi ili ale. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 na zaidi.

Tatizo kubwa la milo mingi huku kwetu ni kazi. Mama yuko sokoni au mpakani tangu alfajiri, mtoto kabaki na dada yake wa miaka 9 na chupa ya themosi. Sitakulaumu kwa hilo. Ila jua kwamba uji wenye karanga na maziwa ukikaa vuguvugu nusu siku unakuwa shamba la vijidudu, na kuhara kunachukua nguvu zote ulizoongeza. Afadhali umwachie binti uji mtupu wa moto sana ndani ya themosi, karanga kwenye kikopo chenye mfuniko, na umfundishe kuchanganya kijiko kimoja kwa bakuli wakati wa kula, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Ndizi na parachichi ambavyo havijamenywa vinakaa salama mezani hadi saa ya kula.

Mtoto aliyeugua malaria au kuhara apewe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili hivi baada ya kupona. Hapo ndipo mwili unapofidia ulichopoteza.

Hatua ya 6: Akifunga mdomo, amini

Ukishabadilisha chakula, utaona mtoto anakula kidogo kuliko zamani. Usishtuke. Alikuwa anajaza tumbo, sasa anashiba. Usimbane pua, usimlaze chali na kummiminia uji kwa kiganja. Uji huo huweza kuingia mapafuni, na mtoto anayelishwa kwa nguvu anajifunza kuogopa bakuli. Kaa naye uso kwa uso, mpe kijiko, subiri ameze, zungumza naye. Akigeuza uso mara ya kwanza pumzika, jaribu tena. Akigeuza tena, basi. Mpe sahani yake peke yake, mbali na sinia la wenzake, ili ujue amekula kiasi gani. Kwenye sinia moja, wa miezi 14 hawezi kushindana na wa miaka 6.

Kuna wasiwasi mmoja ninaousikia sana: uji mzito utamfunga choo. Mara nyingi choo kigumu kinatokana na kukosa maji, matunda na mboga. Mpe maji safi yaliyochemshwa baada ya mlo, siyo kabla, na papai au embe.

Hatua ya 7: Ondoa vinavyoiba njaa

Chai ya rangi haina nguvu yoyote na inazuia chuma kuingia mwilini. Mtoto mdogo haihitaji. Soda ya mililita 300 ina kalori zaidi ya 100, zote za sukari, na mtoto aliyeinywa saa nne asubuhi hataigusa sahani ya mchana. Biskuti, mandazi na chipsi ni vyakula vizito vya kweli kwa hesabu ya kalori, lakini vimebeba nguvu tupu. Ukishamjaza kwa hivyo, kile kipimo chake cha shibe kinafunga mlango, na maharagwe, mukene na dodo vinabaki nje.

Na hapa ndipo watoto wa miaka 3 hadi 5 wa mjini wanapoingia. Mtoto wa Kampala au Jinja anayekwenda shule ya chekechea na mfuko wa chipsi na juisi ya pakiti hana shida ya chakula chepesi. Kwake nenda kinyume: punguza vya kukaanga, maji mahali pa soda, mboga na matunda yaongezeke sahanini, na usimlazimishe kumaliza. Akila kidogo mchana huenda atakula zaidi jioni, kama wale watoto wa Birch. Ukimlazimisha kila siku, atazoea kula kwa kuangalia sahani badala ya kusikiliza tumbo lake.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mzani

Mpime leo, andika kwenye kadi yake ya kliniki, kisha umrudishe baada ya mwezi mmoja. Katikati ya mwezi usimpime kila siku, uzito wa mtoto hupanda na kushuka kwa kunyonya tu au kujisaidia. VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chako ana utepe wa mkono. Kijani ni salama, njano (milimita 115 hadi 125) maana yake aonwe kituoni wiki hiyohiyo. Kwenye kadi, tazama mstari wa mtoto wako kama unapanda sambamba na mistari iliyochapishwa. Usiulinganishe na wa jirani.

Ukiona mstari umelala miezi miwili mfululizo ingawa uji ni mzito, karanga zimo, milo imetimia na ananyonya, basi kasoro haiko tena jikoni. Mwambie mhudumu kila ulichokuwa ukimpa, kwa vijiko na vikombe kama ulivyovihesabu, na uombe mtoto apimwe minyoo, malaria, kifua kikuu na virusi vya ukimwi.